Mume wangu amerudi kutoka misheni, lakini usiku bado yuko lindo

MamaCherehani_Uyole aliandika:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naandika saa nane na nusu usiku, na siyo kwamba nimekosa usingizi. Baba Neema ameamka, na akiamka yeye nyumba nzima imeamka.

Mume wangu ni mwanajeshi. Alikwenda misheni mashariki mwa Kongo, akamaliza muda wake, akarudi. Mwaka na kambi sitaandika, mtanielewa. Amerudi mzima: mikono miwili, miguu miwili, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hata mtoto ameshalizoea. Mama mkwe alipanda basi kutoka Njombe na jogoo wa shukrani. Ndugu wengine walikuja kuangalia kama mtu karudi na dola, hao walipopewa chai kavu hawakukaa sana.

Mwezi wa kwanza tangu arudi sikuona kitu. Alikuwa kimya, nikasema ni uchovu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Alipokuwa huko alituma pesa nikanunua ovaloki ya umeme, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, na kwa kweli nilikuwa nasubiri kwa hamu nimwonyeshe. Siku nilipoiwasha mbele yake, akatoka nje bila viatu. Nilimkuta nyuma ya karo la kufulia, amechuchumaa, jasho linamtoka na ilikuwa mwezi wa saba, na mnajua baridi ya Uyole hapa Mbeya mwezi wa saba. Neema alikuwa anacheka, akidhani baba anacheza kombolela. Ovaloki ikishika kitambaa kizito inalia trrrr, inanyamaza, trrrr tena. Nimeisikia kila siku kwa miezi na masikioni mwangu ni uzi na kitambaa. Tangu siku ile nashona anapokuwa hayupo, na kazi imerudi nyuma.

Kisha nikaanza kuona na mengine. Halali kitandani. Anavuta kiti hadi mlangoni, anakaa na koti, mgongo ukutani. Kitasa anakijaribu mara tatu, anakwenda dirishani, anarudi kwenye kitasa. Malori yanayoshuka Mlima Nyoka yakifunga breki za injini, ule mlio wa pa-pa-pa, anasimama wima kabla mimi sijajua kama nimesikia. Mvua ya mawe ikipiga bati ndiyo usiseme. Nyama choma, aliyokuwa anaipenda kuliko hata mimi, haitaki tena. Harufu tu inamfukuza. Mwezi wa tisa watu walipoanza kuchoma mashamba alikaa ndani siku mbili na mapazia yamefungwa.

Jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku mmoja alipitiwa na usingizi pale kwenye kiti, akawa anaongea maneno ya haraka haraka. Nikamshika bega nimwamshe. Alinikamata mkono na mwingine ukaja shingoni. Ni sekunde chache tu, akanitambua, akaachia. Asubuhi wateja waliuliza alama za mkono, nikasema pasi imeniunguza, fundi nani atabishana naye kuhusu pasi. Hajawahi kunipiga maisha yetu yote, naomba hilo lieleweke. Baada ya pale alilia, na mimi sikuwahi kumwona mwanamume huyu akilia, hata baba yake alipozikwa. Tangu hapo analala chumba cha stoo, anasema ni kwa usalama wangu.

Ya huko hasimulii. Mara moja tu, alikuwa amekunywa (na pombe kali hakuwa mtu wake), akasema kuna rafiki yake alikufa barabarani, walivizia gari lao. Akasema, "Soksi zilikuwa zangu." Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nilipomfulia nguo wiki ile nikaona soksi zake zote za jeshi amezitupa kwenye shimo la taka.

Mama mkwe anasema kuna mtu amemtupia kitu, twende Wanging'ombe kuna mzee anaagua. Mchungaji anasema maombi ya siku saba. Shoga yangu sokoni anasema jeshi limemharibu, nijipange mapema. Yeye mwenyewe nikimtajia hospitali anasema, "Ukipeleka hayo kikosini nitaandikwa kichaa, nitanyang'anywa silaha, nitawekwa stoo kuhesabu mablanketi mpaka nistaafu."

Nauliza: huu ni ugonjwa, au ndiye mtu niliyerudishiwa? Kama ni ugonjwa, unapona? Na namfikishaje kwa daktari bila kumvunjia heshima? Matusi naomba mnibakizie, nina ya kutosha.

Kijana_wa_Tukuyu alijibu:

Pole sana dada. Ila hospitali utapoteza hela. Yale misitu ya kule yana mambo yake, watu wanarudi na vitu wasivyovijua. Mama mkwe wako kaona mbali.

Muuguzi_NyandaZaJuu alijibu:

Mama Neema, pole, na asante kwa kuandika kwa utulivu hivyo saa nane usiku. Nina miaka 11 kwenye wodi ya afya ya akili huku huku kwetu. Mume wako sijamwona, kwa hiyo sitampa mtu jina la ugonjwa kupitia simu. Lakini uliyoandika, karibu kila mstari, nimeyasikia kwenye benchi la kliniki kutoka kwa wake za askari, dereva wa basi lililopata ajali, hata kwa mama aliyenusurika moto.

Kijana wa Tukuyu, nakuelewa, na sina ugomvi na mama mkwe. Lakini jiulize mbona hata Waingereza ambao hawajakanyaga msitu wa Kongo waliugua hivi hivi. Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari mmoja wa jeshi lao, Charles Myers, aliandika kuhusu askari wa namna hii mwaka 1915. Waliuita mshtuko wa mizinga, wakidhani mlipuko unatikisa ubongo. Halafu wakaonekana askari ambao mzinga haukuwalipukia karibu, na wao wanatetemeka, wamepoteza sauti, hawalali. Jeshi lile lile liliwapiga risasi askari wake kwa utoro na woga, na ilipofika mwaka 2006 serikali yao ikawasamehe 306 wakiwa makaburini. Wamarekani nao waliingiza ugonjwa huu rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vijana wao kurudi kutoka Vietnam. Sisi kwa Kiswahili tunasema kiwewe. Neno lilikuwepo kabla ya kitabu.

Sasa kinachotokea. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe: harusi yenu ilikuwa mwaka fulani, pilau liliungua, imekwisha. Kumbukumbu ya kiwewe haina tarehe. Ovaloki ikilia, kengele ya hatari ndani ya ubongo inagonga kabla sehemu inayofikiri haijauliza hicho ni nini. Moyo umeshaanza kwenda mbio na miguu iko nje. Akili inafika baadaye, inamkuta nyuma ya karo, inaona aibu. Halafu ile aibu inamfanya akwepe: nyama choma, watu, kitanda. Na kila anachokwepa leo kesho kinakuwa kikubwa zaidi, kwa sababu hajapata nafasi ya kukiona kikipita bila mtu kufa.

Mambo ya kufanya kuanzia leo usiku. Akiota usimguse. Simama mlangoni, washa taa, mwite kwa jina lake, mwambie yuko Uyole, mwambie wewe ni nani. Mkono ule uliokukamata haukukujua ni wewe. Lakini nisikilize: kwamba ni ugonjwa hakumaanishi ukae karibu na hatari. Akianza kukutisha akiwa macho, wewe na mtoto ondokeni kwanza, tutaongea baadaye. Panga na dawa za panya zisikae anapolala. Na muulize waziwazi, siku ametulia, kama amewahi kutamani kufa. Watu wanaogopa swali hilo wakidhani litampandikizia wazo. Halimpandikizii. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu kauliza. Akisema ndiyo, siku hiyo hiyo mpeleke hospitali, usimwache peke yake.

Neema aambiwe kwa lugha yake: baba anashtushwa na sauti kubwa, siyo kosa lako. Watoto wasipoambiwa hujitafutia kosa.

Dalili zikizidi mwezi mmoja na zinavuruga kazi na nyumba, hapo ni pa kutibiwa. Kuna matibabu ya mazungumzo, ambapo mtu anarudishwa kwenye tukio hatua kwa hatua, akiwa na mtu anayejua anachofanya, mpaka lile tukio lipate tarehe. Siyo kusimulia tu na kwenda nyumbani. Kuna na vidonge, vile vile vinavyotumika kwa sonona, kama setralini. Vinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na hapo ndipo wengi wanaviacha, wiki ya pili. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani usimpe. Pombe nayo inalaza, ndiyo, halafu inaamsha saa nane.

Uko Uyole, Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale mjini mnaweza kwenda kama raia yeyote. Na unapona? Wengi wanapata nafuu kubwa. Wengine wanapona kabisa. Wapo ambao wanabaki na mlio mmoja au miwili maisha yote, lakini wanalala.

Chenso_Mafinga alijibu:

Mkuu muuguzi kamaliza, mimi naongezea kidogo tu. Kaka yangu alitoka misheni hivyo hivyo, tukamwingiza kwenye biashara ya mbao tukidhani kazi itamsahaulisha. Unampa mtu wa namna hiyo chenso, msumeno wa injini unaonguruma! Tulimtafuta msituni mpaka jioni. Baadaye tukamhamishia kitalu cha miche ya mipaini, kumwagilia na kupanga viriba, hapo akatulia. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, nayo ilikuwa inamla, kila siku kilabuni. Kanisani tunaenda naye Jumapili na kliniki tunaenda naye siku yake, na mchungaji wetu hajawahi kutuambia tuchague. Usiogope maneno ya watu dada.

Mzee_wa_Dungu alijibu:

Binti yangu, anayeandika ni mjukuu wangu, mimi nasema tu, na nimemwambia asinirekebishe.

Mwaka 1978 nilikuwa kijana wa mgambo. Amin alipoingia Kagera tulichukuliwa maelfu, wengine hata buti hazikututosha. Daraja la Kyaka tulilikuta limevunjwa. Tukavuka, Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ile mizinga yetu ya roketi, wenyeji wa Uganda waliiita Saba Saba. Ilikuwa inatupigania sisi, lakini ukiwa karibu nayo meno yanagongana, hujui uko upande gani.

Niliporudi kijijini nilipigiwa ngoma. Ulanzi, pombe ya mianzi, ulikuwa mwingi, ilikuwa msimu wake. Kila mtu akataka Kampala, nami nikawapa Kampala. Miaka arobaini nimesimulia Kampala. Lukaya sikuisimulia. Usiku wa tarehe 10 Machi, brigedi yetu, na wengi wetu tulikuwa mgambo, ilipigwa na watu wa Amin pamoja na Walibya, tukatawanyika. Nilikimbia ndani ya kinamasi, maji kifuani, na kuna mtu wa Makete alikuwa ananiita jina. Sikugeuka. Kesho yake tulijipanga upya, wenzetu wa brigedi nyingine wakazunguka kwa nyuma, Lukaya ikachukuliwa. Vitabuni ni ushindi. Mimi kila usiku bado naitwa jina.

Mke wangu, Mungu amrehemu, hakujua. Misimu miwili nililala shambani kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mazao, nikasema nalinda mahindi, nguruwe wamezidi. Nguruwe wenyewe walikuwa wameshahama. Alikuwa ananiletea uji asubuhi na haulizi kitu, na mimi nilidhani haulizi kwa sababu hajali. Ni miaka mingi baadaye aliniambia alikuwa anaogopa nisije nikaacha na uji.

Sasa sikiliza, kuhusu soksi. Usimuulize soksi. Hiyo ni siri ambayo mwenye nayo anaisema kwa mtu aliyevaa kombati kama zake, kwanza. Mimi Lukaya niliisema kwa mzee mwenzangu tuliyekutana msibani Makambako, alikuwa brigedi ile ile. Tulikaa nyuma ya turubai la msiba tukalia kama watoto, watu wakadhani tunamlilia marehemu. Mtafute mwenzake wa misheni, anayemheshimu. Usimwambie aje kumshauri. Mwambie aje kula viazi.

Na hilo la kuandikwa kichaa, mwambie kuna mzee mmoja ambaye hakuandikwa kichaa popote, na alilala shambani na nyoka miaka miwili akiwa na nyumba ya bati.

Jambo la mwisho. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ikiwa kuna mizinga ya heshima popote karibu, siku hiyo mimi hukaa bondeni kumwagilia mboga. Wajukuu wanajua. Ni vizuri watu wa nyumbani wakijua siku zako mbaya.

MamaCherehani_Uyole alijibu:

Shikamoo mzee. Nimesoma hayo ya uji mara tatu, nikashindwa kuendelea kushona.

Muuguzi, swali la waziwazi nitauliza. Bado natafuta siku.

MamaCherehani_Uyole aliandika (wiki tano baadaye):

Nimerudi kuwapa habari, samahani kwa kukaa kimya. Yamekuwa mengi na mengine ni yake, sitayaandika.

Nilianza na ovaloki. Badala ya kumficha, nilimwambia: baba Neema, hii mashine ndiyo ada ya mtoto, lazima ilie. Kuanzia leo kabla sijaiwasha nitasema "nawasha", na wewe ukisema "ngoja" nitangoja. Siku ya kwanza alisema ngoja mara nne, nikamaliza kaptula moja. Wiki ya pili yeye mwenyewe akahamisha meza ya mashine, akaigeuza nikae nikitazama mlango. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Hukai na mgongo mlangoni, hujafundishwa?" Nilicheka na yeye akacheka kidogo. Neema siku hizi anapita akisema "nawasha" hata akifungua bomba.

Swali nililiuliza jikoni, tukimenya viazi, maana nimegundua akiwa na kisu cha viazi mkononi na hatutazamani usoni anaongea. (Muuguzi usinigombeze kuhusu kisu, ni cha Neema cha plastiki.) Alikaa kimya nikahesabu viazi sita. Akasema aliwahi kutamani, siyo sasa, na pale alipotamani alifikiria nani atamfundisha Neema baiskeli. Sikujua niseme nini nikasema baiskeli yenyewe hatujanunua.

Mzee, mwenzake nilimpata, yuko Iringa, alikuja na basi la asubuhi. Nilifanya ulivyosema, nikampikia viazi nikaondoka na mtoto kwenda Mwanjelwa kununua vifungo ambavyo sikuvihitaji. Tuliporudi jioni walikuwa wamekaa nje kwenye karo la kufulia, pale pale. Yule kaka, kumbe naye anatibiwa, mwaka wa pili sasa, na bado yuko kazini. Ndiye aliyemwambia twende wote, mimi ningesema hata mwaka mzima asingenisikia. Wakaenda hospitali wawili, mimi nikawasubiri kwenye benchi na mfuko wa machungwa kama nimekuja kumwona mgonjwa aliyelazwa. Alikaa ndani zaidi ya saa nzima. Amepewa vidonge, na ana siku yake kila wiki ya kuongea na mtaalamu. Ya kikosini ameamua aende na cheti mwenyewe kwa daktari wao, hajaenda bado, na mimi simsukumi.

Chumba cha stoo bado analala. Lakini kiti amekirudisha sebuleni, ameweka godoro. Juzi mvua ya mawe ilipopiga aliamka, akaja akasimama mlangoni kwangu akasema, "Ni mawe tu, eti?" Nikamwambia ni mawe. Akarudi.

Mama mkwe tumemwambia ni presha ya kichwa. Uongo, najua. Ametuma jogoo mwingine.

Muuguzi, swali moja la haraka: dawa anameza asubuhi kabla ya chai na anasema zinamletea kichefuchefu, jana alikuwa anataka kuacha. Siku ya 12 leo. Afanyeje?

Muuguzi_NyandaZaJuu alijibu:

Ameze akishakula, siyo tumbo tupu, hata kama ni viazi viwili na chai. Kichefuchefu kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili hivi. Asiache wala asipunguze mwenyewe. Kikiendelea aseme siku yake ya kliniki, wanaweza kubadilisha saa au dozi. Na akitapika kila anapomeza asingoje siku ya kliniki, mrudini kabla.

Mzee_wa_Dungu alijibu:

Soksi mpya amenunua?

MamaCherehani_Uyole alijibu:

Bado mzee. Anavaa za kwangu za sufu, zile za baridi. Zina maua.